Robo ya Ndege

Mwaka jana mwezi wa saba simu yangu ilipata umaarufu wa ghafla. Binamu yangu ambaye hatujaongea tangu msiba wa babu akanipigia video, tukasalimiana dakika mbili tatu za heshima, alafu akatoa ya moyoni, "kaka tumesikia umenunua ndege, hongera sana aisee, sasa kuna hii harusi ya mdogo wako huku..." Nikacheka mpaka nikapaliwa. Kumbe mtu kaona picha kwenye stetasi yangu, mi nimeegemea bawa nimevaa miwani ya jua, basi nusu ya Ngamiani kule kwetu Tanga ikawa na taarifa kwamba kijana wao wa Marekani sasa hivi ni tajiri wa kutisha.

Nikampigia mama haraka kabla habari haijafika Pongwe. Mama, sijanunua ndege, nimenunua robo. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza, "Robo ipi baba, ya mbele au ya nyuma?"

Sasa haya maandishi ni jibu la mama, na la binamu, na la wale wote mlionijia inboksi mkiuliza ndege ndogo inauzwaje na kwanini bei hazishuki kama tivi zilivyoshuka. Nimechelewa kuandika kwa sababu jibu ni refu na mi mwenyewe nililielewa nusu nusu, mengine nimeyajua kwa kulipia.

Kwanza mjue kazi yangu. Mi niko Wichita, Kansas, mji ambao Clyde Cessna alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1927 na mpaka leo ukitupa jiwe linaangukia karakana ya ndege. Karakana yetu ni ndogo, jina tuliache, tunatengeneza vipande tu vya bati la alumini kwa ajili ya viwanda vikubwa. Mi ni mgonga riveti, zile pini fupi za kushikanisha bati na bati. Unakaa upande mmoja na bunduki ya upepo, mwenzako yuko upande wa pili kashika pande la chuma, unabonyeza, trrrrt, mkia wa riveti unafumuka kule nyuma kwenye lile chuma, mnahamia tundu linalofuata. Mkipishana nusu sekunde riveti inalala upande, itabidi itobolewe itolewe muanze upya, na ukitoboa vibaya tundu linapanuka, sasa unatafuta riveti nene zaidi na unajaza fomu ya kueleza kwanini. Ndege ndogo ya viti vinne ina maelfu ya hizo riveti. Maelfu. Na nyingi bado zinagongwa na watu wawili kama mimi na mwenzangu, mmoja huku mmoja kule, hatuonani, tunaelewana kwa kugonga bati mara moja au mara mbili.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndo lilinifungua macho. Kipande kipya kikija, umbo ambalo hatujawahi kulifanya, la kwanza linatuchukua siku tatu na matusi juu. La ishirini tunalimaliza kabla ya chakula cha mchana tukiwa tunapiga stori za mpira. Bati ni lile lile, mshahara ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mikono imeshajua.

Baadaye nikaja kujua kwamba hii kitu ina hesabu yake, na hesabu yenyewe ilizaliwa kwenye ndege. Mwaka 1936 injinia mmoja wa Kimarekani anaitwa Theodore Wright (sio wale ndugu wawili walioruka wa kwanza, huyu ni mwingine) aliandika kwamba kila idadi ya ndege mlizokwisha kuunda ikizidishwa mara mbili, saa za kazi kwa ndege moja zinapungua kwa kama asilimia 20. Yaani kama mbili za mwanzo ziliwala wastani wa saa 1,000 kila moja, mkifika nne wastani ni 800, nane 640, kumi na sita 512. Ndo maana simu zimeshuka bei na tivi zimeshuka bei, zinatoka mamilioni. Ndege je?

Hapa ndo pa kulia. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani vilitoa ndege ndogo na za kati za kiraia 17,811. Mwaka 1994 vilitoa 928. Soma tena hiyo namba, sijakosea kuandika, mia tisa ishirini na nane, nchi nzima, kampuni zote. Cessna 172, ile ya viti vinne ambayo umeiona uwanja wa Wilson Nairobi na umeiona Dar ukiwa unasubiri ndege yako kubwa, imeundwa zaidi ya 44,000 tangu 1956 na hakuna ndege yoyote duniani iliyoundwa nyingi kuizidi, lakini zote hizo za miaka hiyo yote ni chache kuliko magari ambayo Toyota inatoa kwa siku mbili. Na siku hizi kwa mwaka zinatoka kwa mamia tu. Ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola zisizofika 9,000, ambazo kwa thamani ya leo ni kama laki moja na kidogo. Leo mpya inazidi laki nne. Ndege ni ile ile bana! Bawa juu, injini moja mbele yenye asili ya miaka ya 50, matairi matatu. Imeongezwa skrini za kioo na viti vizuri.

Watu wengi hapa Kansas ukiwauliza nani kaua soko watakwambia mawakili. Ni kweli kwa sehemu. Miaka ya 80 kesi za fidia zilikuwa nyingi, ndege ya miaka thelathini ikianguka familia inamshitaki aliyeiunda, hata kama imepita mikononi mwa wamiliki sita na mafundi ishirini, na bima ya kiwanda inaingia kwenye bei ya ndege mpya. Cessna wakaacha kabisa kuunda ndege ndogo za pistoni, yaani za injini kama ya gari, mwaka 1986. Piper, kampuni nyingine ya ndege ndogo, wakafilisika 1991. Mwaka 1994 rais Clinton akasaini sheria kwamba ndege ndogo ikishapita miaka 18 mtengenezaji hashitakiki tena kwa sehemu zile za asili, Cessna wakafungua kiwanda kipya mji wa Independence, uko humu humu Kansas, na mwaka 1996 ndege zikaanza kutoka tena. Watu walishangilia sana naambiwa.

Bei ikashuka? Wapi. Sheria ilirudisha kiwanda, haikurudisha wanunuzi. Na sababu moja ambayo haisemwi sana ni kwamba ndege hazifi. Gari lako la 1978 liko wapi? Limeoza, limekuwa banda la kuku. Ndege kila mwaka inafunguliwa na fundi mwenye leseni, kilichochoka kinatolewa, kinawekwa kipya, inaandikwa kwenye kitabu, inaendelea. Yetu ni Cessna 150 ya mwaka 1968, viti viwili, na wiki iliyopita nimeiendesha. Kwahiyo kiwanda kinashindana na ndege zake chenyewe za zamani, mpya ya laki nne dhidi ya ya zamani ya elfu arobaini inayoruka vile vile, wewe ungenunua ipi?

Nije kwenye karatasi, maana hapa huwa nakasirika. Altaneta, ile ya kuchaji betri, iliyomo kwenye Cessna nyingi za zamani asili yake ni ya gari la Ford. Ukienda duka la spea za magari unaipata inayofanana nayo kwa pesa ya viatu. Lakini ile ya ndege lazima ije na cheti, kwamba imetengenezwa na aliyeidhinishwa, imepimwa hivi na hivi, namba yake hii hapa, na bei inakuwa mara nne mara tano. Sisemi karatasi haina maana, mi mwenyewe nakaa ndani ya kile kitu kikiwa juu na nataka kujua nani kaunda nini. Ila fikiria mtu anatengeneza spea mia mbili tu kwa mwaka, gharama ya kupata kile kibali inabidi igawanywe kwa watu mia mbili. Ingekuwa ni laki mbili kila mmoja angelipa senti. Umeona tunarudi kule kule kwa Wright? Uchache. Kila ukikwaruza sababu yoyote ya bei ya ndege, chini yake unakuta uchache.

Kuna watu walijaribu kuvunja huo mzunguko na habari yao inaniuma kwa sababu ni ya nyumbani hapa. Mwaka 2004 Marekani ilitoa kanuni mpya ya ndege nyepesi, zisizozidi kilo 600, karatasi kidogo, leseni rahisi. Kila mtu akasema sasa ndege za bei ya gari zinakuja. Cessna wakaingia mwaka 2007 na kandege ka viti viwili kakaitwa Skycatcher, bei dola 109,500, oda zikamiminika zaidi ya elfu moja. Ili bei ishuke wakapeleka kazi ya kuunda Shenyang, China. Mwaka 2011 bei ikapanda karibu 150,000, waliooda wakaanza kukimbia, mwaka 2013 kampuni ikasema hakana mustakabali, na zile zilizobaki bila mnunuzi mwaka 2016 zikasagwa. Ndege mpya, hazijawahi kubeba mtu, zikawa chuma chakavu. Naona walikosea kudhani shida ni mshahara wa mgonga riveti. Ningependa kusema hivyo hata kama si kweli, maana mgonga riveti ni mimi, lakini angalia: zaidi ya ndege 1,000 zilizoodwa ziliishia chini ya 300 zilizoundwa, hapo hata mngewalipa mafundi ugali na maharage hesabu ya Wright isingewafikisha popote.

Waliofanikiwa zaidi ni wale waliosema, basi riveti agonge mwenye ndege. Richard VanGrunsven wa Oregon alianza miaka ya 70 kuuza ndege kwa vifurushi (sio vya data jamani), sanduku linakuja nyumbani lina mabati yameshakatwa na kutobolewa, wewe unaunganisha gerejini kwako. Sheria inasema ukiunda mwenyewe zaidi ya nusu kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha, ndege haihitaji ile mlolongo mrefu ya vyeti vya kiwanda, unaweza kuweka altaneta unayoitaka na skrini za bei nafuu, na ukishaimaliza unaweza kuomba kibali cha kuikagua mwenyewe kila mwaka. Ndege zake zaidi ya 11,000 zimeshamalizika na kuruka. Kazi ya bure ya watu usiku baada ya kazi, hiyo ndo ruzuku kubwa kuliko zote kwenye biashara hii.

Lakini si bure kweli. Jirani yangu mmoja ana mwaka wa tisa anaunda. Gari la mkewe halijalala ndani ya gereji tangu mtoto wao wa mwisho yuko chekechea, sasa hivi mtoto anamshikia chuma nyuma ya riveti. Na hata hao wakubwa wa vifurushi waliteleza, walipoanza kukata matundu kwa leza ili kuongeza kasi, baadhi ya matundu yakapata nyufa wakati wa kuyakunja kingo, malalamiko yakawa mengi, Desemba 2023 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikapandisha bei, mwaka 2024 ikatoka ikiwa hai. Karakanani kwetu tuliifuatilia ile habari kama ligi. Wazee wakawa wanasema unaona, tundu ni tundu, tundu likitobolewa kwa papara ndege yote inalipa.

Na kwetu Afrika je, maana najua mnasubiri. Afrika Kusini wapo, wanaitwa Sling, wako Johannesburg, na ndege zao zimeshazunguka dunia. Mwaka 2019 vijana ishirini wa sekondari waliunganisha Sling 4 kutoka kwenye kifurushi kwa wiki tatu, wakasaidiwa na watu wa kiwanda, alafu ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo, ikatua na Zanzibar njiani, mmoja wa marubani wake binti wa miaka 17. Mi nilikuwa naangalia ile video kantini machozi yananilenga na sandwichi mkononi. Na sasa hivi pale Morogoro kuna kampuni inaitwa Airplanes Africa, wawekezaji wa kutoka Czech, wanaunganisha ndege za viti viwili za Skyleader. Morogoro! Niliposema hivyo kazini mzee mmoja akaniuliza Morogoro ni jimbo gani.

Kitu kizuri cha ndege hizi za Sling na Skyleader ni injini. Zinatumia Rotax ya Austria, nyepesi, na inakunywa petroli ya kawaida ya gari. Cessna za zamani kama yetu zinategemea ile petroli maalum ya ndege, ina madini ya risasi ndani yake, hapa Marekani wamejiwekea lengo la kuiondoa mwisho wa 2030, na Afrika sehemu nyingi kuipata ni shughuli, inakuja kwa mapipa, ni ghali, kuna viwanja haipo kabisa. Kwahiyo mtu wa Songea au Kigoma akiniuliza ndege gani ya bei nafuu simwambii Cessna 150 hata kama ndo ninayoipenda. Namwambia aangalie kwanza mafuta yanatoka wapi.

Za umeme nitapita haraka. Ipo moja ya Pipistrel imepata cheti Ulaya mwaka 2020, inaruka chini ya saa nzima, nzuri kwa shule ya urubani yenye mwanafunzi anayezunguka uwanja. Na magari yanayoruka nayasikia tangu niko darasa la tatu.

Haya sasa, robo.

Ndege yetu ilikuwa ya mzee mmoja hapa mtaani, fundi mstaafu, ana miaka sabini na moja, sote tunamwita Mzee tu na amelizoea. Aliimiliki peke yake zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2019 cheti chake cha afya kiliisha muda na hakukiomba tena, kulikuwa na njia nyingine rahisi ya kwenda kwa daktari wa kawaida lakini Mzee na madaktari wana historia yao, tusimseme. Basi ndege ikakaa. Miaka minne imefungwa kamba kwenye nyasi, ndege wa kweli wanajenga viota kwenye matundu ya injini. Mwaka 2023 akatuuzia watu watatu robo robo, dola 9,000 kila mmoja, yeye akabaki na robo yake ambayo hawezi hata kuirusha. Nilimuuliza kwanini asiuze yote. Akasema "nani ataiosha?"

Wenzangu ni mwalimu wa hesabu wa sekondari na dada mmoja nesi, ametoka Eldoret. Leseni yangu ilinichukua miaka mitatu nikilipa saa moja moja kama unga wa kupima. Kukodi 172 shuleni nilikuwa nalipa dola 165 kwa saa. Sasa angalia daftari letu, mwalimu ndo analiandika na ana mwandiko wa kuogopesha. Bima 1,400 kwa mwaka. Maegesho ya nyasi 60 kwa mwezi. Ukaguzi wa mwaka tumekadiria 1,800. Ukijumlisha ni 3,920, gawa kwa wanne gawa kwa miezi, tunachanga 85 kila mwezi na kunabaki chenji ya mafuta ya kupaka. Kuruka ni 55 kwa saa, ndani yake kuna galoni sita za petroli kwa kama dola 6 kila moja, na kama 19 inaenda kwenye mfuko wa injini maana siku moja itabidi ifunguliwe yote iundwe upya, mafundi wanaita ovahoo, na hiyo siku ni kama elfu thelathini. Mi naruka kama saa 50 kwa mwaka. Inanitoka 3,770. Kwa kukodi ingekuwa 8,250. Sigara na bia situmii, basi.

Kwetu Tanga hili sio jambo geni wala. Mashua ikirudi na samaki, gharama zikishatolewa pato linakwenda kwa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha, la mabaharia. Nilimueleza mama hivyo na hapo ndo akaelewa vizuri kabisa, akauliza swali moja tu, "na nyie mnagawana samaki gani?" Nikamwambia mama sisi tunagawana hasara. Akasema subhanallah.

Na kuna jambo kuhusu ubia ambalo sikulijua mpaka nilipolilipia. Nilidhani watu wanne maana yake ndege inachakaa mara nne. Kumbe injini ya ndege inauliwa zaidi na kukaa kuliko kufanya kazi. Ikikaa, unyevu unakaa ndani, kutu inaanza kwenye kuta za silinda pole pole. Mwezi wa pili mwaka huu kwenye ukaguzi fundi alipima silinda, anaingiza upepo wa nguvu ya 80 alafu anasoma mshale silinda imeweza kushikilia ngapi. Ya kwanza 74. Ya pili 72. Ya tatu ikasoma 48. Akatuita akasema sikilizeni, akaweka sikio kwenye bomba la moshi, na sisi mmoja mmoja tukainama kama tunasikiliza mtoto tumboni. Ssssss. Upepo ukitokea kwenye moshi maana yake valvu ya moshi haifungi. Ungetokea kule pa kujazia oili ni ringi. Alipoifungua, ukuta wa silinda ulikuwa na madoa ya kutu kama mbegu za ufuta, ya zamani, ya ile miaka minne kwenye nyasi.

Bili ikaja 4,300. Dada wa Eldoret akaitazama, akaitazama tena, akasema kwa Kiswahili ili wengine wasisikie, "hii share yangu peke yake ni ng'ombe wa gredi, na ako na mimba." Elfu moja na sabini na tano kila mtu. Iliniuma, sitaki kudanganya, mwezi ule harusi ya mdogo wangu nilichanga kidogo na binamu hajanisamehe mpaka leo. Lakini mtu mmoja angelipa yote 4,300, na Mzee alikiri, ingekuwa yeye peke yake angeiacha pale pale kwenye nyasi.

Sasa kanuni. Mwezi ule ule wa saba mwaka jana wakati ukoo wangu unagawana utajiri wangu, kule Oshkosh kwenye maonyesho makubwa ya ndege serikali ilitangaza kanuni mpya, wanaiita MOSAIC. Kile kipimo cha kilo 600 kimeondolewa. Badala yake wanaangalia spidi ya chini ambayo ndege bado inabebwa na hewa, kwa rubani wa leseni nyepesi isizidi noti 59 (kipimo cha spidi, kama kilomita 109 kwa saa). Kuanzia tarehe 22 Oktoba 2025 mwenye leseni hiyo, au kubwa kuliko hiyo kama Mzee, anaruhusiwa kuendesha hata 172 ya viti vinne, japo kwa abiria mmoja tu, na kwa afya yake inatosha leseni ya udereva. Upande wa watengenezaji ulipangwa kuanza mwezi wa saba 2026, kwamba ndege kubwa kidogo nazo zipite kwenye ule mlango wa karatasi chache. Kama bei zitashuka kwa hilo mi naweka akiba ya maneno, nilishawaona Skycatcher. Ila ndege za zamani ambazo mtu wa leseni nyepesi hakuruhusiwa kuzigusa, kwa siku moja zikawa halali, bila kiwanda chochote kugonga riveti hata moja.

150 yetu uzito wake wa juu ni kilo 726. Kwa hiyo tofauti ya kilo 126 mtu alikaa chini miaka.

Tulimwambia Mzee Oktoba ile ile. Akasema ataangalia. Novemba akasema baridi. Desemba akasema upepo, na Kansas kweli kuna upepo. Januari hatukumuuliza tena. Alafu silinda ikatengenezwa, na jumamosi moja ya Aprili mwalimu wa urubani akaja akaketi naye saa nzima mezani na nyingine hewani, ndo utaratibu kama umekaa muda mrefu, akamsainia kitabu. Wiki iliyofuata nikafika uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi zamu yangu, nikakuta kamba zimelala kwenye nyasi, ndege haipo. Nikasimama na thamosi yangu ya chai. Baada ya muda nikaisikia, injini ya 150 ina sauti yake kama cherehani lenye hasira, ikaja ikatua, ikaruka kidogo, ikatua tena.

Hakuniambia kitu. Alizima, akatoa daftari kwenye mfuko wa mlango, akaandika tarehe, jina lake, 0.7, akahesabu kwa kidole 55 mara 0.7, akaandika 38.50, akatoa noti mbili za ishirini kwenye pochi akazibana kwenye ukurasa. Nikamwambia Mzee chenji yako dola moja na nusu. Akasema iweke kwenye mfuko wa injini, alafu akaenda kuchukua ndoo.

Nikachelewa kuruka asubuhi ile kwa sababu aliiosha yote, na robo zetu.